Kusaka vikasha kwa pikipiki kwenye njia za ndani za Kusini: jibu kwa mwalimu wa Masasi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi na nina pikipiki ya CC 150. Rafiki yangu aliyekuja kunitembelea alinionyesha mchezo wa jiokeshi, ambamo watu huficha vikasha porini au mjini, wakatangaza namba za GPS mtandaoni, na wengine wakavitafuta. Nimeupenda sana. Likizo ya Juni nataka nitoke Masasi, nipite Newala na Tandahimba hadi Mtwara kwa njia za ndani, nitafute vilivyopo na kuficha viwili vitatu vyangu. Nina hofu tatu: kupotea, kuanguka kwenye mchanga, na kueleweka vibaya na wanakijiji. Je, simu yangu inatosha? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umezipanga hofu zako ukaanza na kupotea na kumalizia na kueleweka vibaya. Mimi ni mpimaji wa ardhi, na sehemu kubwa ya kazi yangu katika mikoa ya Mtwara na Lindi nimeifanya juu ya pikipiki. Kwa niliyoyaona, ningeupindua mpangilio huo. Kupotea kuna dawa nyepesi, na kuanguka kuna ufundi unaojifunzwa. Kueleweka vibaya katika kijiji usichokuwa na ndugu ndiko kunakoweza kuumaliza mchezo wako kwa siku moja na kumwachia matatizo mtu atakayepita nyuma yako. Kwa hiyo niruhusu nianzie mwisho.

Kabla ya hapo, maneno machache kuhusu chimbuko la mchezo, maana yanaeleza kanuni zake. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea kwa mita mia moja. Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, ukakoma usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali alipoiweka ili watu wajaribu kuifikia. Ndani yake mlikuwa na daftari la kusaini na vitu vya kubadilishana, vikiwamo manati na kopo la maharage, na ndoo yenyewe aliizika nusu. Leo kanuni kwa kawaida zinakataza yote mawili: kikasha hakizikwi, na chakula hakiwekwi ndani. Anayekipata husaini daftari, na akichukua kitu huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Mwenye ardhi anatakiwa awe ameridhia. Kanuni hiyo ya mwisho, ambayo wasomaji wengi huipita haraka, kwetu ndiyo inayobeba mzigo wote.

Nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, katika kijiji kimoja kati ya Nanyamba na Tandahimba, msimu wa korosho umepamba moto. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mkorosho mkubwa, mkono wa kulia nimeutumbukiza hadi kwenye kiwiko ndani ya tundu la shina, nikikitafuta kikasha ambacho mgeni fulani alikuwa amekificha miezi michache kabla. Pikipiki nilikuwa nimeiegesha mbali kidogo, kwenye kivuli. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya korosho alisimama hatua kama kumi nyuma yangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, unaweka nini hapo?"

Litazame swali lile kwa makini, mwalimu. Hakuuliza ninatafuta nini, aliuliza ninaweka nini. Kwa macho yake, mtu mzima aliyeingiza mkono kwenye shina la mti wa mwenzake wakati wa mavuno ana mawili tu: anaiba, au anatega kitu cha kumdhuru mwenye shamba. Kabla sijamaliza kujieleza walikuwa wamefika vijana wanne, kisha mwenye shamba, kisha mjumbe. Simu yangu yenye mshale na namba haikumsaidia mtu yeyote kunielewa. Tulikwenda wote kwa mwenyekiti wa kijiji, na kikasha kikafunguliwa mezani mbele ya watu: gari dogo la kuchezea, sarafu ya nchi ya mbali, na kidaftari chenye majina matatu ya kigeni. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akauliza, "Kama ni kitu chema, mbona kimefichwa?" Siku ile sikuwa na jibu. Niliruhusiwa kuondoka kwa heshima, baada ya saa mbili, kwa sababu tu mwenyekiti aliwahi kuniona nikipima viwanja katika kijiji cha jirani.

Jibu nililolipata baadaye, ambalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote nitakayoyaandika hapa, ni hili: kikasha kinafichwa machoni pa mpita njia, lakini hakifichwi kwa wenye mahali. Mwenye shamba ajue, mwenyekiti wa kitongoji ajue, ofisi ya kijiji ijue, na ikiwezekana watoto wa nyumba ya karibu wajue pia, maana wao ndio watakaokiona kwanza hata ukikificha namna gani. Mchezo hauharibiki kwa sababu wenyeji wanajua. Anayetafuta ni mgeni mwenye simu, na kwake mahali pale panabaki kuwa fumbo.

Basi ukifika kijijini, nenda moja kwa moja ofisini. Vua kofia ngumu kabla ya kusalimia, maana sura iliyofunikwa huanza mazungumzo vibaya. Salimia, jitambulishe kwa jina na kwa kazi yako ya ualimu, andika kwenye kitabu cha wageni, kisha weka kikasha mezani kikiwa wazi, kitu kimoja kimoja kikionekana. Usianze na setilaiti. Anza na kombolela, ambayo kila mtu aliyekulia huku aliicheza: sema kwamba huu ni mchezo wa kombolela wa watu wazima, ila kinachojificha ni kikopo badala ya mtoto, na anayekitafuta anaelekezwa na simu. Nimeona maelezo hayo yakieleweka kwa wazee wenye umri wa miaka themanini. Kisha omba uonyeshwe mahali panapofaa, usipendekeze wewe. Wenyeji watakupa mahali bora kuliko ulipopawazia, na papo hapo utaambiwa pasipofaa bila ya mtu kulazimika kukueleza sababu zake: panapofanyiwa matambiko, mbuyu uliofungwa kitambaa, makaburi ya ukoo, kisima chenye mgogoro. Usidai maelezo. Shukuru, uende ulipoelekezwa.

Ndani ya kikasha weka karatasi ya Kiswahili, juu kabisa, kabla ya daftari. Mimi huandika hivi: "Hiki ni kikasha cha mchezo wa kutafuta. Ndani hakuna fedha wala dawa ya aina yoyote. Ofisi ya kijiji inafahamu kipo hapa. Ukikikuta, unakaribishwa kukifungua, kisha ukifunge vizuri na kukirudisha." Chini yake naandika jina langu na namba ya simu. Neno "dawa" ni la lazima, kwa sababu ndilo watu wanaloliogopa bila ya kulitamka. Nje ya kikasha pia andika kwa rangi isiyofutika kuwa ni mchezo, na tumia kopo linaloonyesha kilichomo. Boksi jeusi lililofungwa kwa gundi ya karatasi huogopesha mtu yeyote, mahali popote.

Kuna maeneo ambayo nakuomba usiyafikirie kabisa. Vijiji vya mpakani kando ya Ruvuma vimepitia mambo mazito. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha, na tangu hapo mgeni anayezungukazunguka karibu na mto akiwa na kifaa cha kupimia mahali ana haki ya kuulizwa maswali. Pita kwa njia zinazotumiwa na watu, simama penye vizuizi, wala usifiche kitu huko. Vilevile kaa mbali na mitambo ya gesi ya Msimbati na Madimba pamoja na njia ya bomba, usiweke chochote darajani, na usiweke chochote katika eneo la shule, hata hiyo unayofundisha.

Sasa tuje kwenye kupotea. Ndiyo, simu yako inatosha. Chini ya mbingu wazi, simu ya kawaida ya siku hizi hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya mikorosho iliyofungamana kosa huongezeka, na ubavuni mwa majabali kama ya Masasi huongezeka zaidi, kwa kuwa mwamba huirudisha ishara ya setilaiti kama unavyorudisha mwangwi, na simu haijui ipi ni ishara yenyewe na ipi ni mwangwi wake. Kwa hiyo ukibakiwa na mita kumi, acha kuufuata mshale, simama, ujiulize ungekuwa wewe ungekiweka wapi. Unapoficha kikasha chako, fanya kinyume chake: acha simu itulie juu ya kikasha kwa dakika kadhaa, andika namba, rudi siku nyingine, upime tena, kisha uchukue wastani. Wapimaji hatuamini kipimo cha mara moja, na msakaji naye asikiamini.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi halitokani na setilaiti, linatokana na kuandika. Mtandao wa mchezo huu huandika namba kwa digrii na dakika, wakati programu nyingi za ramani huandika digrii zenye desimali. Mji wako wa Masasi uko takriban digrii 10 dakika 43 Kusini na digrii 38 dakika 48 Mashariki. Mtu akiziingiza kwenye programu kama 10.43 na 38.48 atapelekwa zaidi ya kilomita 30 kaskazini na karibu kilomita 35 magharibi ya mji, kwa sababu dakika 43 ni 43 kati ya 60, ambazo kwa desimali ni 0.717. Kila unapohamisha namba, gawanya dakika kwa 60. Na ukumbuke kuwa sisi tuko Kusini: ukisahau alama ya kutoa mbele ya 10, simu itakutafutia mahali upande wa pili wa ikweta. Kama kuna mtu atakuazima ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo nazipenda sana kwa jinsi zinavyoonyesha njia za miguu na visima, fahamu kuwa zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960 na si ule unaotumiwa na GPS. Huku kwetu tofauti yake ni takriban mita mia mbili, ambazo katika vichaka vya Uwanda wa Makonde ni sawa na safari ya nusu saa.

Jambo jingine ni kwamba mshale hunyooka, njia hainyooki. Ukiwa Newala, ukingoni penye Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lipo miguuni pako na simu inaweza kukuambia umebakiza kilomita chache, ilhali pikipiki itakuhitaji uzunguke mara kadhaa ya umbali huo. Chagua njia kwa kuuliza watu, na uulize vizuri. Ukimuuliza mtu, "Njia hii inakwenda Kitangari?" atakujibu ndiyo kwa adabu, hata kama inakwenda kwa kupitia korongo. Muulize, "Wewe ungetaka kwenda Kitangari na pikipiki leo, ungepita wapi?" Neno "leo" ndilo litakalokupa habari za daraja lililokatika juzi. Pakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka ili usitegemee mtandao, na kila asubuhi mwachie mtu mmoja ujumbe wa unakotoka, unakokwenda na saa utakayompigia.

Simu yenyewe usiifunge kwenye usukani siku nzima. Mtikisiko wa injini ya pikipiki unaweza kuiharibu kamera. Kampuni ya Apple ilitoa tahadhari hiyo kwa wateja wake mwaka 2021. Iweke mfuko wa kifuani, na kila panapo njia panda simama, uitazame, uirudishe. Kusimama huko kunakupa pia nafasi ya kusalimia, na salamu ndiyo hati yako ya kusafiria.

Kuhusu kuanguka, nitakaa kidogo, kwa sababu mchanga wa Makonde hausamehe. Juu ya uwanda ule udongo ni mwekundu wa kichanga, na wakati wa kiangazi magari ya korosho huusaga ukawa unga unaojaa kwenye mapito ya magurudumu. Pikipiki ya CC 150 yenye tairi za lami ikiingia humo, gurudumu la mbele huanza kuogelea. Mwili wako utataka kufanya mambo matatu, na yote ni makosa: kukaza mikono, kuachia mafuta, na kutazama chini mbele ya tairi. Fanya hivi badala yake. Kabla ya kuingia, simama upunguze upepo kwa robo ya kipimo cha kawaida. Mchanga ukiwa mzito sana, theluthi, lakini usizidishe hapo, kwa kuwa tairi la tyubu lenye upepo mdogo mno huzunguka kwenye rimu na kuchana tyubu penye valvu. Ingia na gia ya pili au ya tatu, mwendo ukiwa umeshapatikana, si wa kutafutwa humo ndani. Simama kwenye vikanyagio, magoti yakibana tangi kwa upole, uzito ukiwa nyuma kidogo, mikono ikiwa milegevu kiasi cha kuuacha usukani ucheze. Tazama mbali, pale unapotaka kufika. Mafuta yawe yaleyale, bila kupanda wala kushuka, na breki ya mbele isahau kabisa mpaka utoke. Ikiyumba, ongeza mafuta kidogo, itanyooka. Ukisimama katikati, shuka, itembeze ukiwa kando yake kwa gia ya kwanza, maana kung'ang'ania kuondoka ukiwa umekaa huchimba shimo na kuunguza klachi.

Jizoeze haya kabla ya safari, bila mzigo, mahali ambapo ukianguka utacheka na kuinuka. Na ukitoka mchangani kurudi kwenye changarawe, jaza upepo tena kabla ya kuendelea, kwani tairi laini kwenye mawe hutoboka kwa kubanwa na rimu. Pampu ya mkono, tyubu ya akiba, viraka, spana, plagi, kebo ya klachi na kiungo cha cheni ni mzigo mdogo unaoweza kukaa kwenye mkoba mmoja.

Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210, nawe kwa njia za ndani unaweza kwenda mara mbili ya hapo. Pikipiki inayokwenda kilomita arobaini kwa lita kwenye lami haitazifikisha mchangani, hivyo jaza tangi kila unapokuta kituo halisi, na mafuta ya chupa ya kijijini uyachuje kwa kitambaa safi. Panga siku zako ili saa tisa alasiri uwe umeshageuza kuelekea unakolala. Jua letu huzama mapema Juni, taa ya pikipiki ndogo haionyeshi korongo, na katika vijiji vya Lindi na Mtwara bado wapo wazee wanaowakumbuka watu waliouawa na simba wakiwa njiani au mashambani jioni. Mtu wa huko akikuambia lala, lala.

Juni uliyoichagua ni mwezi mzuri: mvua zimeisha, hewa ni baridi kidogo, mito imepungua. Lakini ndio mwezi ambao wakulima wanaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho, na hupuliza alfajiri wakati umande upo. Vumbi lile la njano huchoma macho na koo. Vaa miwani inayoziba, jifunge kitambaa puani, na ikiwezekana subiri hadi saa tatu asubuhi ndipo uingie njia za mashambani.

Msimu huohuo unaamua pia uhai wa kikasha chako. Watu wanaofuata maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi huhangaika na maji kuingia, nasi tunahangaika nayo Januari, lakini adui mkubwa wa kikasha cha Kusini ni moto. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za miombo huchomwa, kisha mashamba husafishwa kwa moto kabla ya mvua, na kopo la plastiki lililowekwa kwenye mizizi ya mti hubaki donge jeusi. Liweke kwenye ufa wa mwamba, juu ya mawe matupu, mahali ambapo hakuna nyasi hatua mbili kila upande. Chagua kopo nene la plastiki lenye mfuniko wa kusokota na mpira ndani yake, kama yale ya siagi ya karanga, lioshwe mpaka harufu iishe kabisa, la sivyo ngedere na panya watalifungua kabla ya mtu. Bati usitumie karibu na bahari. Chumvi ya Msimbati au Mikindani huila upesi. Daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni, na kalamu iwe penseli, maana wino hukauka kwa joto. Mbao na katoni ni chakula cha mchwa.

Uliniuliza uanzie wapi, na hapa nina pendekezo ambalo huenda hukulitarajia: kikasha chako cha kwanza kisiwe kikasha. Mchezo una aina iitwayo athikeshi, iliyoanza mwaka 2004 na kusimamiwa na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani, ambayo haina kopo wala daftari. Msakaji hufika mahali penye funzo la ardhi, anasoma maelezo uliyoyaandika, anatazama, anapima, kisha anakutumia majibu ya maswali yako. Ruhusa ya wenye eneo bado inahitajika, lakini hakuna kitu kinachofichwa, kwa hiyo lile swali la mzee halipo. Nawe unaishi chini ya moja ya mandhari bora za aina hiyo nchini. Majabali yanayouzunguka mji wa Masasi ni mabaki ya mwamba mgumu wa kale sana. Mwamba ulioyazunguka, uliokuwa na nyufa nyingi zaidi, ulimomonyoka ukaondoka, nayo yakabaki yamesimama peke yake uwandani. Mwambie mgeni apime kwa mkono unene wa gamba la mwamba linalobanduka kwa joto la mchana na baridi ya usiku, kisha akueleze linaelekea upande gani. Hilo ni somo ambalo hata wanafunzi wako wangeweza kukusaidia kulitunga.

Ukiupenda mtindo huo, siku moja panda hadi Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, imejitokeza njiani. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukachimba hapo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo natamani kila mwanafunzi wa Lindi alijue. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa mijusi wale wakubwa leo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mahali pale panalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: usichimbe, usiokote, usifiche kopo. Nenda na mwenyeji, kwa kibali, na uache pikipiki pale njia inapoishia. Ukiwa Mtwara nako, ufukwe wa Msimbati upo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ruhusa inatoka kwao, na mchanga mgumu wa kupita unapatikana maji yakiwa yamekupwa tu. Siku za bamvua maji hurudi kwa kasi, na kasa hutaga juu ya mstari wa maji, kwa hiyo pikipiki isipande huko.

Baada ya jabali lako la Masasi, ficha kikasha kimoja cha kawaida, si vitatu, tena karibu na nyumbani. Wahakiki wa kujitolea wanaopitia kila kikasha kabla ya kutangazwa wanataka kujua kuwa mwenye nacho anaweza kukitunza, ndiyo maana vya watalii wanaoficha na kuondoka kwa kawaida hukataliwa, na kati ya kikasha na kikasha lazima pawe na angalau mita 161. Kikague Novemba moto ukiisha kupita, na tena Mei mvua zikiisha. Ukienda, pitia kwanza ofisini hata kama ni kwa salamu tu, kwa kuwa mwenyekiti hubadilika na mtendaji huhamishwa, na anayekaa kwenye kiti leo huenda hajawahi kuliona kopo lako. Chukua nakala mbili za ile karatasi ya Kiswahili: moja ibaki kwenye faili la kijiji, nyingine ikae kwenye mkoba wa zana pamoja na viraka, ili siku mtu akikuuliza unaweka nini hapo, uwe na cha kumkabidhi mkononi.